MGENI WA SHANTA NAYE NI MGENI

Litajwapo neno utalii katika ofisi zetu, picha inayotujia haraka ni ya ndege kubwa ikitua, basi lenye vioo vyeusi likingoja mlangoni, na hoteli yenye ukuta mrefu kando ya bahari. Hesabu zetu nazo huifuata picha hiyo hiyo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na mwaka uliofuata idadi hiyo ikapita 730,000. Ni idadi ya kujivunia, na wala sina nia ya kuibeza. Lakini yafaa tujiulize: katika malaki hayo ya watu, ni wangapi waliovuka mkondo wakafika Pemba? Na katika hao waliofika, ni wangapi waliokula muhogo uliopikwa na mama wa Konde, wakamlipa yeye mwenyewe mkononi?

Nauliza haya baada ya kuizunguka Pemba kwa siku tisa, mimi na mke wangu, kila mmoja na shanta yake mgongoni. Jamaa zetu wa mjini waliotuona bandarini Malindi walidhani tunahama. Wengine, naamini, walidhani tumefilisika. Mtu wa makamo, tena mwenye dhamana katika Chama, hatarajiwi kuonekana amebeba mzigo mgongoni mithili ya mwanafunzi wa Ulaya aliye likizoni. Anatarajiwa akute gari linamngoja, apokewe, ahutubie, ale, arudi. Nimekwenda Pemba kwa namna hiyo mara nyingi, na kazi iliyonipeleka ilifanyika. Ila kisiwa hakionekani kupitia kioo cha gari linalokimbilia mkutanoni.

Wala mtu asiseme kwamba kutembea na mzigo begani ni desturi ya Wazungu. Wavuvi wa Kojani walikuwa wakienda dago kabla babu zetu hawajazaliwa: hufunga virago, wakachukua nyavu na sufuria zao, wakapiga kambi kwenye fukwe za watu, Unguja, Tanga, Mombasa na kwingineko, kisha wakarejea kwao na habari za dunia. Nasi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba Qur'ani inawaamrisha watu watembee katika ardhi na kutazama, na kwamba msafiri aliyeishiwa ana fungu lake katika zaka pamoja na maskini. Sheria imempunguzia msafiri sala na kumruhusu kufungua katika mwezi wa Ramadhani. Dini iliyomheshimu msafiri kiasi hicho haikumuuliza kwanza kama amekuja kwa ndege au kwa miguu.

Tulivuka kwa boti hadi Mkoani. Mzanzibari avukaye mkondo huo, boti inapoiacha Nungwi nyuma, hukumbuka usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikiwa njiani kwenda Pemba na mamia ya watu wetu wakapotea. Bibi mmoja aliyeketi mbele yetu alisoma dua kimya kimya hadi ardhi ilipoonekana, kisha akafungua kapu lake akatugawia mkate wa kumimina kana kwamba tumetoka nyumba moja. Huo ndio ulikuwa ukaribisho wetu wa kwanza, na ulitangulia bandari yenyewe.

Waarabu wa zamani waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na anayepanda kwa miguu kutoka Mkoani huelewa mara moja sababu ya jina hilo. Unguja imetuzoesha ardhi iliyolala. Pemba ni vilima na mabonde, kilima hadi kilima, juu mikarafuu na chini mpunga, na kila bonde lina kijito chake. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza, na majamvi yalikuwa yametandazwa kando ya barabara kila palipo na uwanda. Mtu wa ofisini huzijua karafuu kwa tani na kwa bei ya shirika. Tulipopumzika chini ya mkarafuu tulimwona kijana akiwa juu ya tawi jembamba, kamba kiunoni, akivuta matawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine. Jioni tukawakuta watoto na mama zao wakichambua makonyo kwa mwanga wa taa. Baada ya hapo, mtu akinitajia zao la taifa, sioni tena tarakimu peke yake.

Nitapita haraka kwenye mambo yanayojulikana. Misali tulikwenda kwa chombo kutoka Wesha. Eneo hilo limehifadhiwa tangu mwaka 1998, na wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale akaomba msala wa kusalia, na ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Ndipo wavuvi walipokubali kwa wepesi kwamba mahali palipokuwa msala hapavuliwi kwa baruti. Kidike tuliwaona popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kwingineko duniani. Katika miaka ya 1980 alikuwa amewindwa hadi kukaribia kwisha. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wakaunda vikundi vya kumlinda, na sasa wananing'inia mitini kwa wingi, wakigombana kama watu wa sokoni. Aliyetutembeza alikuwa mwana wa kijiji hicho hicho, na alichokipata kilibaki pale pale. Ningependa maofisa wetu wa mipango wakae Kidike asubuhi moja tu.

Pujini nitakaa kidogo. Tulikwenda kwa miguu kutoka Chake Chake, jua kali, tukauliza njia kwa watu watano, na kila mmoja akaacha kazi yake akatusindikiza kidogo. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye masimulizi yanamtaja kwa ukatili mkubwa. Miaka ya 1990 wataalamu wa mambo ya kale walipachimba na kupaandika. Boma lake la udongo na mawe ni kitu adimu sana katika miji ya kale ya mwambao wetu. Kubwa linalokumbukwa na wenyeji, hata hivyo, ni kisima. Husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasioelewana, basi akakigawa kisima kwa ukuta, mmoja achote kwa kuteremka ngazi na mwingine kwa ndoo, wasikutane. Mke wangu alikitazama kisima kile kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mtu aliyeweza kujenga ukuta huo wote angeweza pia kuketi na wake zake akazungumza nao, lakini wanaume hupenda kujenga. Nilinyamaza. Tulipotoka tulitafuta mahali pa kunawa na kujisitiri, hapakuwapo. Na maelezo ya mahali penyewe tuliyapata kwa mzee mmoja mkulima, ambaye kichwa chake ndicho kilichokuwa makumbusho. Mzee huyo akifariki, nani atamweleza mgeni?

Jambo lililonifundisha zaidi ni faida ya kusafiri wawili, mume na mke. Katika visiwa vyetu mwanamume anayesafiri peke yake huona nusu ya kisiwa. Hukaribishwa barzani, hupewa kahawa na halua, huelezwa siasa na bei ya karafuu, na hapo ndipo mwisho wake. Jikoni haingii, uani haingii, na hayo ndiyo adabu. Lakini aliyefuatana na mkewe husafiri katika visiwa viwili kwa nauli moja.

Chukua mfano wa pwani ya Makangale. Mimi niliketi na wazee, wakanieleza kwamba mwani umeleta neema: nyumba zimepauliwa bati, watoto wamesomeshwa, wanawake wana fedha yao. Mke wangu naye alikunja nguo, akaingia majini pamoja na akina mama wakati wa bamvua, akafunga mwani kwenye kamba hadi mgongo ukamuuma. Aliporudi jioni alikuwa na habari nyingine. Ile aina yenye bei nzuri inakufa kwa sababu maji ya bahari yamepata joto. Inayostahimili ni ile ya bei ya chini, na kilo yake kavu haifikii hata bei ya glasi moja ya juisi katika hoteli za kitalii. Gunia bichi hulibeba wenyewe kichwani kutoka majini, maji ya chumvi yakiwachuruzikia machoni. Wazee hawakusema uongo, kwani nyumba za bati tuliziona. Wala akina mama hawakusema uongo. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia Zanzibar mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zao hilo. Basi taarifa inayoandikwa kutokana na barza peke yake ni nusu ya taarifa. Ni ngapi katika mafaili yetu zilizoandikwa hivyo?

Ngezi tulikwenda siku iliyofuata, tukapita chini ya miti mikubwa na mipapindi ambayo asili yake ni Pemba tu, tukatokea Vumawimbi, ufukwe mweupe usiokuwa na mtu ila wavuvi wawili wakitengeneza mshipi. Kaskazini zaidi, kwenye rasi ya Kigomasha, upo mnara wa taa, na upande huo huo ipo hoteli yenye chumba chini ya bahari, ambamo mgeni hulala akiwatazama samaki. Sina ugomvi nayo. Kisiwa chenye nafasi ya chumba cha namna hiyo kina nafasi pia ya chumba chenye kitanda cha besera, chandarua na ndoo ya maji safi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kwa chumba cha kwanza tunajua kutoa kibali, na kwa cha pili bado hatujajua tumwite mwenye chumba nani.

Hapa ndipo penye donda. Katika mji mmoja, ambao sitautaja, tulifika nyumba ya wageni baada ya magharibi, vumbi hadi kwenye kope. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake, alitudai cheti cha ndoa. Tulimwonesha vitambulisho vya Mzanzibari, akasema havitoshi. Wakati huo huo waliingia vijana wawili wa kigeni, mwanamume na mwanamke, nao na mashanta yao, wakapewa ufunguo bila ya swali. Mke wangu akamwambia yule kijana, "Mwanangu, cheti chetu kiko nyumbani, kinasoma darasa la tano." Kijana alicheka, akaomba radhi, akampigia simu mwenye nyumba, na baada ya robo saa tukapata chumba.

Utaratibu wa kulinda maadili nauunga mkono. Nyumba ya wageni si danguro, na Pemba ina haki ya kujilinda. Lakini sheria isiyomwona mgeni wa mbali na ikamkamata mwenyeji haijalinda kitu. Wanandoa wangapi wa Kizanzibari husafiri na cheti cha ndoa mfukoni? Matokeo yake ni kwamba mtu na mkewe wakitaka kuiona nchi yao wenyewe wanapaswa kujieleza mlangoni, ilhali wageni wanapewa tabasamu. Kamisheni ya Utalii na mabaraza ya miji wakitaka, watakubaliana kwa siku moja juu ya utaratibu mmoja unaojulikana: fomu ambayo mume na mke wanatia saini mbele ya mwenye nyumba, na atakayesema uongo awajibike. Uchunguzi uwe kwa wote, au usiwe.

Vijijini mambo yalikuwa mepesi zaidi. Usiku tatu tulilala katika nyumba za watu, baada ya kupita kwa sheha kama ipasavyo. Sheha mmoja alitoa daftari lake la wageni, akafika kwenye nafasi ya utaifa, akasita, kisha akaandika "mwenyeji". Alisema katika miaka yake yote ya usheha hajawahi kuwaandika watu wa Unguja waliokuja kutembea tu. Waliokuja kwa mazishi, ndiyo; waliokuja kwa kazi za Serikali, ndiyo; waliokuja wakati wa uchaguzi, wengi. Neno hilo lilinichoma. Wapemba wamejaa Unguja kwa biashara na masomo, wanaijua mitaa yake yote. Sisi wa Unguja Pemba tunaijua kwa matokeo ya kura. Mwaka 2010 tulikubali kwa kura ya maoni kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na lilikuwa jambo la busara. Lakini umoja ulioandikwa katika katiba unahitaji pia watu waliowahi kulala katika nyumba za wenzao.

Sasa fedha, kwa kuwa najua wasomaji wa wizarani huanzia hapo. Mke wangu aliandika kila senti katika daftari la skuli. Ukiacha nauli ya boti, tulitumia shilingi 720,000 kwa siku tisa, watu wawili. Nyumba za wageni zilichukua 200,000. Chakula, tulichokula kwa mama lishe na mikahawani, 170,000. Chombo cha Misali pamoja na ada, 160,000. Daladala na bodaboda, 85,000. Walioongoza Kidike na Ngezi, 45,000. Na 60,000 tuliwaachia wenyeji wetu wa vijijini, ambao walikataa kabisa malipo, hadi mke wangu alipoziacha kwa jina la zawadi ya watoto. Fedha hizo si nyingi. Lakini zilipita mikononi mwa watu wa Pemba, karibu zote taslimu, na kwa watu zaidi ya thelathini. Hakuna aliyengoja zitoke benki ya ng'ambo. Mgeni aliyelipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege, chumba, chakula, vinywaji na matembezi, analeta dola nyingi zaidi katika takwimu, lakini mama wa Konde hata kivuli chake hakioni.

Kwa sababu hiyo naiomba Serikali ilitazame upya suala la bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni mzima wa nje, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Sisemi ifutwe, mgeni akivunjika mguu Kigomasha lazima atibiwe, na gharama isiangukie hospitali ya wilaya. Nasema tu kwamba dola 44 ni kitu kidogo kwa anayelala chumba cha chini ya bahari, na ni kitu kikubwa kwa wale vijana wawili tuliowakuta mapokezini. Kwa wao wawili inakuwa dola 88, kiasi kinacholingana na vyumba vyao vya siku tano hivi. Bima inayopanda na kushuka kulingana na siku za kukaa ingekuwa ya haki zaidi, na ingemvuta mgeni huyo avuke hadi Pemba badala ya kumfanya ahesabu siku.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Kibao cha njia kwenda Pujini na maelezo mafupi kwa Kiswahili, na choo kimoja safi. Daladala moja ya mwisho baada ya isha kati ya Chake na Konde, hata kwa zamu. Orodha kwa kila shehia ya nyumba zenye chumba cha ziada, mwenye nyumba akikubali na sheha akithibitisha usafi, bei ikaandikwa wazi mlangoni ili asiwepo wa kumwonea mgeni wala wa kumwonea mwenye nyumba. Na katika orodha hiyo jina liandikwe la mke pale chumba kinapotunzwa na mke, kwani ndiye atakayefagia, atakayechota maji na atakayepika.

Tuna kaulimbiu ya Utalii kwa Wote, na tuna mipango ya Uchumi wa Buluu. Sijui kama neno "wote" liliwahi kutafsiriwa kwamba linamjumuisha karani wa Mwanakwerekwe na mkewe mwalimu, wenye likizo ya siku kumi na nne na akiba ndogo. Mkurugenzi naye yumo, na mkuu wa wilaya pia. Kabla fukwe za Pemba hazijagawiwa zote kwa mikataba ya miaka mingi, ningependekeza kwamba kila ofisa anayeweka saini katika faili la ardhi ya pwani aende kwanza kuiona ardhi hiyo kwa miguu, bila msafara, pamoja na mkewe au mumewe, na alale usiku mmoja katika kijiji kilicho karibu nayo. Boti ya Mkoani ipo, na shanta zinauzwa Darajani kwa bei isiyomshinda mtumishi wa umma.